Nani Anatembea? Kuhusu Tafakuri ya Kutembea na Huyu "Mimi wa Kweli"

Dada mmoja wa promosyo yetu alilipa dola 10 ili afundishwe kutembea. Simcheki, juu kama ningekuwa na dola 10 siku ile, pengine nami ningeenda. Yeye anaishi Panzi, na tangu amalize iniversite anapanda kwa miguu mpaka Nyawera karibu kila siku, dosie mkononi, akitafuta kazi. Kutembea si kitu anachokosa. Lakini kochi aliwaahidi jambo lingine: kwamba kuna kutembea kwa namna fulani, polepole, kimya, hatua pamoja na pumzi, ambako kunamtoa nje "mimi wa kweli" aliyefungwa ndani yako. Wakatembea saa moja na nusu kwenye bustani kando ya ziwa. Mwisho kila mmoja alisimama mbele ya wenzake ili "ajieleze vile alivyo kweli". Wengine walilia. Kisha kochi akafunga kwa neno ambalo dada alikuja kuniambia jioni ile na uso wa mtu aliyepewa barua ya kufukuzwa kazi: yule ambaye hajapata nafasi yake katika maisha, ni kwa sababu hajamwachilia mimi wake wa kweli.

"Kumbe shida ni mimi?" aliniuliza.

Hapo njo nilianza kusoma. Nilitaka kujua tafakuri hii ya kutembea ilitoka wapi, na kama wale walioianzisha waliahidi kitu cha namna hiyo. Nilichokikuta nitakisema mapema, halafu nitakitetea: miguu ya zoezi hili ni ya Buddha, lakini kichwa walichokipachika juu yake, huyu mimi wa kweli anayetakiwa kutoka nje, kinafanana zaidi na kile cha Jean-Jacques Rousseau. Hao wawili hawakutembea njia moja. Aliyewashona pamoja ni soko.

Tuanze na miguu. Katika lugha ya Kipali, ambayo njo lugha ya maandiko ya zamani ya Wabudha wa Sri Lanka, Burma na Thailand, kuna neno caṅkama: ni kutembea kwenda na kurudi, na pia ni kile kijia chenyewe cha kutembelea. Pale Bodh Gaya, India, mpaka leo wageni wanaonyeshwa mahali kando ya hekalu ambapo, kwa mapokeo, Buddha alitembea hivyo baada ya kupata mwanga. Na katika mkusanyo unaoitwa Aṅguttara Nikāya zimetajwa faida tano za kutembea huko: mtu anaweza kuvumilia safari, anaweza kuvumilia jitihada, haugui mara kwa mara, chakula kinasagika vizuri tumboni, na utulivu wa akili unaopatikana pale unadumu.

Soma tena hiyo orodha. Tumbo limo, mimi wa kweli hayumo. Kwa kweli ile orodha ilinifurahisha sana, juu inasema kama mama mzee wa kwetu anavyomwambia mjukuu wake aliyelala baada ya ugali: amka utembee kidogo.

Namna zinazofuatwa leo ni kavu vilevile. Katika monasteri za msituni huko Thailand, mtawa ana kijia kilichonyooka, hatua ishirini au thelathini hivi. Anafika mwisho, anasimama, anageuka, anarudi. Huko Burma, Mahasi Sayadaw (1904–1982) aliwapa wanafunzi wake saa ya kukaa na saa ya kutembea, kwa zamu, siku nzima, na hatua moja aliikata vipande: kunyanyua, kusukuma, kushusha. Huko Japani, katika shule ya Sōtō, mikono inashikwa kifuani na mguu unasogea nusu hatua tu kwa kila pumzi. Ukifika mwisho wa kijia hakuna anayekuuliza vipaji vyako ni vipi. Unageuka tu.

Lakini kuna jambo kali kuliko ukavu huo. Andiko maarufu la Satipaṭṭhāna linasema kwamba mtawa akitembea, ajue kwamba anatembea. Basi. Wafafanuzi wa kale walisoma mstari huo wakajiuliza swali ambalo na mimi ningejiuliza: eh, nani asiyejua kwamba anatembea? Hata mbwa anajua, hata mbweha anajua. (Sifanyi mzaha, mbwa na mbweha wametajwa kabisa katika ufafanuzi.) Basi mtawa anatakiwa kujua nini zaidi? Wakajibu kwamba ajiulize: nani anatembea? Kutembea huku ni kwa nani? Na akiangalia vizuri, anaona nia ya kwenda inazuka, mwili unasukumwa na nia hiyo, mguu unasogea. Nia imo, mwendo umo, mguu umo. Mwenye kutembea, yule bwana mdogo aliyeketi ndani anashika usukani, haonekani.

Kwa hiyo zoezi ambalo dada yetu aliuziwa kama njia ya kumtoa nje mimi wa kweli, kwa asili lilitengenezwa ili umtafute huyo mimi ukamkose. Hii si tofauti ndogo. Ni kama mtu akuuzie dawa ya kupunguza uzito, kumbe kwenye chupa imeandikwa ya kunenepesha.

Mtu atanipinga, na ana haki. Zen ya Kichina na ya Kijapani inazungumzia uso wa asili, ule uliokuwa nao hata kabla wazazi wako hawajazaliwa, na ukitaka unaweza kuita hiyo "nafsi ya kweli". Thich Nhat Hanh naye, mtawa wa Vietnam aliyeifanya tafakuri ya kutembea ijulikane dunia nzima, anapenda kusema juu ya nyumbani kwa kweli. Basi kochi hakuokota maneno yake hewani. Nakubali. Lakini uso ule wa Zen hauna jina, hauna diplome, hauna kipaji cha kuuza, hauna cha kueleza mbele ya watu kumi na wawili kwenye bustani. Kama wazazi wako hawajazaliwa bado, utajieleza nini?

Sasa kichwa. Rousseau tunamjua tangu sekondari: Mkataba wa Kijamii, Émile, maswali ya mtihani. Tunalosahau ni kwamba alikuwa mtembeaji mkubwa. Mwaka 1728, akiwa na miaka 15, alitoka Annecy akavuka milima kwa miguu mpaka Turin, na katika Maungamo yake anakiri kwamba kichwa chake hakifanyi kazi bila miguu. Kitabu chake cha mwisho, kile cha ndoto za mtembeaji wa peke yake, alikianza mwaka 1776, kikabaki bila kumalizika alipokufa 1778, kikachapishwa 1782. Kimegawanywa katika matembezi kumi. Humo njo unapata kile kochi anachokiuza: mtu ameachwa na jamii, anaondoka mjini, anatembea peke yake, na katika kutembea anataka kujua yeye ni nani akiwa mbali na macho ya wengine. Kwamba ndani yangu kuna mtu halisi, kwamba jamii imemfunika, kwamba kazi yangu ni kumfunua na kumwonyesha: hiyo ni hewa ya Ulaya ya karne ya 18, si ya Bodh Gaya. Sisemi ni mbaya. Nasema ina wenyewe, na bei yake inajulikana. Rousseau mwenyewe alimaliza maisha akiona maadui kila kona.

Na bado, katika Tembezi la Pili, kuna tukio ambalo kila kochi angepaswa kulisoma kabla ya kuchukua dola za watu. Tarehe 24 Oktoba 1776, Rousseau anashuka kutoka Ménilmontant kurudi Paris. Jibwa kubwa linalokimbia mbele ya gari la farasi linamgonga, anaanguka uso chini, anazimia. (Mbwa tena, wanafuata habari hii.) Usiku anapozinduka, hajui yeye ni nani, hajui yuko wapi. Anaona damu yake inatiririka na anaiangalia kama mtu anayeangalia kijito. Na anaandika kwamba utulivu alioupata dakika ile hakuwahi kuupata katika raha yoyote aliyoijua. Angalia vizuri: mtu aliyetumia maisha yake yote kumtafuta Jean-Jacques wa kweli, amani yake kubwa anaipata siku aliyosahau kwamba yeye ni Jean-Jacques. Hakulifuata jambo hilo mpaka mwisho. Kurasa chache mbele amesharudi kwa maadui zake. Lakini ameliandika, na kwa uaminifu mkubwa. Nikiulizwa ni wapi Rousseau na wale wafafanuzi wa Kipali wanakaribiana, ni pale chini, kwenye mawe ya barabara, na mdomo umepasuka.

Nirudi kwa Thich Nhat Hanh, juu jina lake njo linatajwa sana katika mafunzo haya, na picha yake, ile ya mzee mwenye joho la kahawia anayetembea ameshika mikono ya watoto, iko kila mahali. Alizaliwa 1926 katika mji wa Huế, akafa huko huko tarehe 22 Januari 2022. Katikati ya miaka ya 1960, vita vikiwa vikali, alianzisha shule ya vijana wa huduma za jamii. Vijana wa umri wetu. Walienda vijijini kujenga madarasa, kliniki, kusaidia wakulima, na kwa kuwa walikataa kuchagua upande, pande zote mbili ziliwashuku. Wengine wao waliuawa. Kuna kijiji kiitwacho Trà Lộc, karibu na mstari uliogawanya Vietnam mbili: kilipigwa mabomu, vijana wakakijenga upya, kikapigwa tena, wakajenga tena, na tena. Msomaji wa Kivu hahitaji nimweleze picha hiyo.

Mwaka 1966 aliondoka nchini kwenda kusema ukweli wa vita huko Marekani, na kurudi kukashindikana mpaka 2005. Miaka 39. Mwaka 1974, akiwa Ufaransa, aliandika barua ndefu kwa ndugu mmoja aliyebaki kwenye ile shule, na barua hiyo ikageuka kitabu ambacho kwa Kifaransa kinajulikana kama Le Miracle de la pleine conscience. Mle anaeleza kutembea: uko kwenye kijia cha udongo kinachoelekea kijijini, kikavu au chenye matope, na akili yako ibaki pale pale kwenye kijia. Anaeleza pia kuosha vyombo kwa ajili ya kuosha vyombo, na kula mandarini kipande kwa kipande badala ya kumeza mipango ya kesho. Ukisoma ukikumbuka nani aliandikiwa, kila ushauri unabadilika rangi. Yule ndugu hakuwa na tatizo la kushindwa kujieleza. Alikuwa na tatizo la kuamka asubuhi, kesho na kesho kutwa, kuendelea na kazi bila hasira kumla, wakati waliojenga nao wanazikwa. Kutembea kwenye barua ile ni kama mafuta ya taa: yanawekwa ili usiku upite.

Kuna simulizi la rafiki yake Mmarekani, Jim Forest, ambalo nalipenda kuliko mafundisho yote. Kwenye kanisa moja huko Marekani, mtu alisimama akamrushia Thich Nhat Hanh maneno makali: kama unawajali watu wako hivyo, unafanya nini hapa? Mtawa akajibu kwa upole, kuhusu mizizi ya mti na maji. Kisha akatoka nje. Forest akamfuata akamkuta kwenye ukingo wa maegesho ya magari, anahangaika kupata pumzi. Maneno yalikuwa yamemchoma, na alitaka kujibu kwa hasira. Ikabidi apumue polepole sana mpaka akakosa hewa. Kwa mafundisho ya kochi wetu, mtu yule alishindwa: hakujieleza. Kwa mafundisho yake mwenyewe, ile ilikuwa ni kazi, na ilimgharimu.

Lakini nisimfanye mtakatifu. Kile kitabu chake kidogo cha 2015, How to Walk, kinanisumbua. Ni vipande vifupi vifupi, kila kimoja kinaingia kwenye nusu ukurasa, na michoro laini. Ni kizuri mkononi, kinasomeka safarini, na sentensi zake ni tamu. Tamu mno. Kila baada ya kurasa chache unaambiwa tena utabasamu, tena kwamba mahali pa kufika ni hapo mguu ulipo. Na vipande vya namna hiyo vinakatika kirahisi. Unakata kimoja, unakibandika kwenye bango, na kilichobaki nyuma ni kijia chenye matope na ndugu anayesubiri barua. Neno "nyumbani" katika mdomo wa mtu aliyekosa kwao miaka 39 lina uzito. Kwenye bango la kochi ni rangi ya ukuta. Sisemi mzee alitaka hivyo. Nasema namna aliyoichagua mwishoni iliwarahisishia kazi wale wanaokata.

Bado ndani ya kitabu hicho hicho na vingine vyake kuna wazo ambalo haliwezi kubandikwa popote bila kumuumiza muuzaji. Anasema hutembei peke yako: miguu hiyo umepewa na baba, na mama, na wao walipewa, ukipiga hatua ya amani, wao pia wanaipiga. "Mimi", kwake, ametengenezwa na vitu visivyo mimi. Wengi wetu tunaelewa hilo haraka. Miguu yangu ni ya mama kabisa, hata vidole, na mama alitembea na mzigo wa muhogo mgongoni ili mimi nikae kwenye oditwari. Nikitembea polepole nikamtafuta mimi halisi aliye safi, asiyeguswa na mtu, nitakuwa natafuta mtu ambaye hakulelewa. Na angelelewa na nani, kwenye bustani ya dola 10?

Hapa njo penye ubishi wangu na wale makochi, na ninaomba wenzangu tusipite haraka. Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayofanana: kutembea na kutembeza. Anayetembea anaenda. Anayetembeza ana kitu cha kuuza. Sisi wenye diplome tumekuwa miaka tunatembeza dosie. Sasa tunaambiwa dosie haitoshi, tutembeze na nafsi. "Jieleze" ni neno la chumba cha mahojiano ya kazi, wote tunalijua, na limetoka pale likaingia mpaka kwenye pumzi. Na ukijieleza vizuri na kazi bado haipo? Basi hukujieleza kwa ukweli. Rudi, lipa tena, tembea tena. Ukosefu wa kazi, unaotokana na mambo yaliyo nje ya kifua cha dada yetu, umehamishiwa ndani ya kifua chake, na funguo zimebaki kwa kochi. Mbinu hiyo haina Ubudha ndani yake hata kidogo. Hata Rousseau angeikataa: yeye angalau aliilaumu jamii.

Tena kuna suala la njia. Tafakuri ya bustani inadhani mtu amechagua kutembea. Tarehe 27 Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka na amri ya kuhama kutolewa, watu wa Goma walitembea kuelekea Sake, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Sijui kama yupo kochi angethubutu kusimama kando ya barabara ile aseme: polepole, msikilize mimi wenu wa kweli. Lakini barua ya 1974, hiyo naamini ingeweza kusomwa pale bila aibu, juu iliandikiwa watu wa barabara ya namna ile.

Nilijaribu, juu si vizuri kukosoa chakula bila kuonja. Kwa wiki tatu nilitembea asubuhi, kipande cha kushuka tu, hatua mbili kuvuta pumzi, tatu kuitoa. Siku za kwanza nilijisikia mjinga, na motari mmoja alinitukana kwa kuziba njia. Polepole sana ile sauti ya kichwani, ile ya kuhesabu deni na kupanga nitakachosema ofisini, ilipungua kwa dakika chache. Nilisikia mguu wa kushoto unatua kwa nguvu kuliko wa kulia, na soli imeisha upande mmoja. Hayo njo matokeo yangu yote. Sikukutana na mtu yeyote ndani. Kwa namna fulani ilinipumzisha kwamba hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Dada nilimweleza haya tukiwa tunapanda pamoja, akanisikiliza mpaka Essence, kisha akaniuliza kama dola 10 zinarudishwa. Hazirudishwi. Basi kwa wengine wanaofikiria: ile barua ya 1974 isomeni kwanza, ina kurasa chache na inapatikana kwa Kifaransa. Tembezi la Pili la Rousseau nalo linasomeka usiku mmoja. How to Walk mkiipata kwa rafiki, muiazime. Kununua si lazima.